Daftari la Kinyelu

Kambarage, Shinyanga
Jumamosi mchana

Mwanangu Kabula,

Salamu nazipita, kwa sababu asubuhi tumekunywa chai pamoja na jioni utakuwa hapa tena ukitafuta kandambili zako. Darasani nawafundisha watoto kwamba baada ya salamu huja madhumuni ya barua, moja kwa moja, bila kuzungukazunguka. Leo mwalimu wao atazungukazunguka. Nimechoka, mwanangu, na kwa muda mrefu nilidhani ni chaki na madaftari ya kusahihisha, kumbe kuna kitu kingine nilichokuwa nimekibeba.

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Baba yako yuko kiwandani, msimu wa pamba haujui Jumamosi. Sanduku lako liko hapa kitandani, limefungwa nusu. Habari za sabuni, za kuchemsha maji ya kunywa, za kutoazima ndoo kwa mtu usiyemjua, hizo utaambiwa na baba yako kesho stendi, tena mara mbili, na wewe utaitikia kana kwamba unazisikia kwa mara ya kwanza. Mimi nina jambo jingine.

Kesho basi litakufikisha Kahama, na pale utapata gari la kwenda Masumbwe. Chuo chenu cha uuguzi kiko mbele zaidi, safari ya siku ya pili. Kwa hiyo kesho utalala kwa mama yako mdogo Doto. Baba yako ndiye aliyepanga hivyo, akapeleka salamu kwa dereva wa lori bila kuniuliza, na jibu likarudi kwamba karibu sana, mtoto aje. Nilipoambiwa nilikuwa nachagua mchele. Niliendelea kuchagua mpaka baba yako akaniuliza kama mawe yalikuwa mengi kiasi hicho.

Kwa miaka yako yote kumi na saba umemjua Doto kama dumu la asali linalofika kila mwaka. Kesho atakuwa mtu. Atakufungulia mlango akiwa na uso wangu, maana sisi ni mapacha wa kufanana, na utashtuka kidogo, kila mtu hushtuka. Nataka kabla hujauona uso huo ujue nilimfanyia nini mwenye uso. Yeye hatakuambia. Angekuwa mtu wa kusema, angesema miaka ishirini na mitano iliyopita, na mimi leo nisingekuwa mwalimu.

Wewe ulizaliwa peke yako, kwa hiyo hujui tulivyolelewa. Kwetu pacha hapewi kitu peke yake. Mgeni akija na gauni moja, gauni hilo linakaa kwenye mfuko wake mpaka apate la pili. Hindi likichomwa, yanachomwa mawili. Hata fimbo: mmoja akikosa, mara nyingi tulichapwa wote, ili mwingine asione wivu, kama alivyosema baba huku akicheka. Mimi nilitangulia kutoka nikaitwa Kulwa, yeye akafuata akaitwa Doto, kama mapacha wote wa Usukumani. Watu walitupenda na kutuogopa kidogo. Wanawake walitupa karanga njiani, lakini hawakuthubutu kutugeuzia mgongo.

Nyuma ya shamba letu la pamba, kule upande wa Ushirombo, kulikuwa na kilima kidogo cha mawe. Tulichunga mbuzi huko. Tulikuwa na miaka minane au tisa tulipoanza kuambiana kwamba ndani ya nyufa za mawe yale wanaishi watu wenye urefu wa hindi, wasiozeeka, wenye masikio makubwa yanayosikia mizizi ikikua ardhini. Tuliwaita Wanyelu. Ukinicheka nitakuelewa, nina wanafunzi arobaini na watano wanaoniogopa, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba mwalimu wao aliwahi kuwa na watu wake mwambani. Tuliwapa Wanyelu harusi, tukawapa ugomvi wa mipaka, tukawapa jumbe mkali mwenye wivu. Mwishowe tukawapa lugha, na lugha ndiyo iliyotushika kuliko yote.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana sijawahi kumweleza mtu, na leo mkono wangu umepata wepesi kidogo. Hatukubuni maneno hovyo hovyo. Tulibuni mizizi. Mzizi wa kwanza ulikuwa fel, kitu kinachong'aa. Kutoka hapo tukapata felu, dhahabu, felina, nyota ya alfajiri, felofelo, kimulimuli, na afela, jicho. Mzizi oru ulikuwa chochote kilicho chini au ndani. Oruna ni shimo. Oruwe ni mbegu iliyokwisha kufukiwa. Aoru ni tumbo, kwa sababu kila kiungo cha mwili tulikipa a mbele. Oruti ni siri, kwa sababu kila kilichofichwa tulikipa ti nyuma. Nui ilikuwa maji, na humo ilitoka nuimba, mvua, na nuila, chozi. Tungeweza kuchunga kutwa nzima tukigombania kama umande ni mtoto wa maji au mtoto wa kinachong'aa.

Matawi kila mmoja wetu aliruhusiwa kuyachuma peke yake, hata akiwa anakoga. Mzizi haukuruhusiwa. Mzizi ulipandwa na wawili: kila mmoja anaokota jiwe lake dogo, tunachimba kishimo kwa kijiti, tunaweka mawe yote mawili, tunalitamka neno kwa pamoja na kufukia. Kisha tunakwenda nyumbani, tunalala. Asubuhi, kabla hatujasalimiana, kila mmoja analisema. Mmoja akiwa amelisahau, mzizi umekufa, na mawe tunayafukua. Mingi ilikufa. Iliyopona ilikuwa thelathini na kitu, na mimi niliiandika katika daftari pamoja na matawi yake, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Doto alichora picha pembeni. Lakini nisijisifu: kati ya mizizi ile, zaidi ya ishirini ilitoka kichwani mwake. Mimi nilikuwa karani wake tu.

Nikifundisha vitenzi darasa la sita, nikiandika lima ubaoni na watoto wakanitajia mkulima, kilimo, limisha, limika, huwa nawageuzia mgongo kwa muda. Wanadhani natafuta chaki.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Baba yetu mdogo Masanja alikuwa mchimbaji. Alikuwa amezunguka hadi Geita na kurudi na kikohozi, suruali mpya, na hakika kwamba kila kilima kina dhahabu isipokuwa kile anachochimba mwingine. Tulikuwa darasa la nne, tuna miaka kumi na mmoja, Uhuru una miaka miwili. Siku moja alitukuta mwambani tunagombana kwa Kinyelu. Akachuchumaa mbele yetu.

"Hayo maneno yenu, wanangu, mnaongea na nani?"

"Tunacheza tu, baba mdogo," Doto akasema.

"Na wenye dhahabu," nikasema mimi.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua. Nilipenda kusikilizwa na mtu mzima. Masanja alinitazama, akamtazama mwenzangu, akarudi kwangu, na naapa hakujua ni yupi kati yetu aliyekuwa amejibu. Hakuwahi kututofautisha.

"Nyie mapacha mna kinywa," akasema. "Basi nionyesheni. Duara langu nilianzie wapi?"

Duara ndilo jina wachimbaji wanaloliita shimo lao. Doto alinivuta gauni kwa nyuma. Nikajitoa. Nikatembea kati ya mawe nimefumba macho nusu, nikasema felu, felu oruna, kwa sauti ya misa, nikanyoosha kidole chini ya jiwe kubwa lenye mshipa mweupe. Nilipachagua pale kwa sababu palikuwa na kivuli.

Na akapata, mwanangu. Hilo ndilo baya. Baada ya wiki tatu za kuponda mawe kwenye kinu cha chuma alipata punje mbili zenye ukubwa wa chawa. Akatununulia peremende mbili zinazolingana, akatuchezesha ngoma peke yake pale uani, bibi yako akacheka mpaka akakaa chini. Nilijiona malkia. Doto aliila peremende yake, na jioni alipokuwa anafunga mbuzi akaniambia kwa Kiswahili, hakutumia Kinyelu, "Mwambie aache. Hatujui kitu sisi." Nikamwambia ana wivu.

Masanja hakuacha. Alichimba kwenda chini bila kuweka magogo ya kuzuia udongo, maana alikuwa na haraka na alikuwa na maneno yetu. Mvua ya kwanza ilinyesha siku mbili mfululizo, na siku ya tatu ukingo ukamporomokea. Walimtoa akiwa hai. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, na ulipopona ulipona vibaya, akawa mtu wa mkongojo hadi alipokufa. Nilimsikia akilia. Mpaka leo, mtoto akivunjika uwanjani shuleni, namwita mwalimu mwingine aende.

Baada ya siku chache tukaitwa. Ilikuwa mchana, uani, jua kali. Alikuwepo baba, walikuwepo wazee wawili wa ukoo, na mganga mmoja aliyeingizwa kwa nyuma ya nyumba kwa sababu baba alikuwa Mkatoliki mzuri na Jumapili alipokea komunyo. Masanja alikuwa amewaambia kila kitu: mapacha waliongea na mawe, mmoja wao akamwonyesha mahali. Yupi? Hakujua. Ndani tulimsikia akiguna kila alipogeuzwa.

Baba alisimama mbele yetu. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nani aliyeanza maneno haya? Bebe Kulwa? Bebe Doto?" Alikuwa anatuita kwa Kisukuma, wewe Kulwa, wewe Doto, akimnyooshea kila mmoja kidole, na majina yenyewe alikuwa ametubadilishia.

Mtihani wa darasa la nne ulikuwa umebaki miezi miwili. Mwalimu wetu alikuwa ameshamwambia baba kwamba watoto hawa wataendelea. Nilikuwa nimekwisha ota sare, kitanda cha chuma, na kisanduku chenye kufuli. Vyote nilivipitisha kichwani pale pale uani, haraka sana, kisha nikafungua mdomo.

"Ni Doto, baba. Mimi namfuata tu."

Doto aligeuka akanitazama. Alikuwa na la kujibu. Daftari lilikuwa chini ya kihenge cha mtama, hatua kumi kutoka pale, na ndani yake ukurasa kwa ukurasa ulikuwa mwandiko wangu. Angekwenda akalileta, na mmoja wa wazee wale alijua kusoma. Nilisubiri aende. Nilianza hata kutafuta uongo wa pili. Hakuenda. Aliinamisha kichwa, na wazee wakalichukua hilo kuwa ndilo jibu.

Mganga alisema tutenganishwe, kwamba tukiwa pamoja maneno yale yanapata nguvu. Doto akatolewa shule. Alipelekwa kwa bibi mzaa baba, kule mbele ya Masumbwe, akanyolewa nywele, akaogeshwa madawa mwezi mzima, na siku za Jumapili katekista akaja kumwombea, ili pasibaki upande usiotibiwa. Bibi aliambiwa akimsikia anasema peke yake amchape. Asubuhi baba alipokuwa anafunga furushi lake kwenye kerea ya baiskeli nilimletea Doto maji kwenye kibuyu. Alikunywa yote. Akanirudishia kibuyu, akasema neno moja tu, polepole, nisikie mimi peke yangu.

"Oruti."

Siri. Nilijua papo hapo kwamba hatasema kamwe, na nikaona raha, Kabula. Nakuandikia hili kwa aibu kubwa kuliko yote: baiskeli ilipopotea nyuma ya mihogo niliona raha. Maisha yetu yote tuligawiwa sawa, na hiyo adhabu ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza apewacho pacha mmoja peke yake.

Mtihani nilipasi. Nikapata sare na kitanda cha chuma, nikaendelea mpaka chuo cha ualimu, nikapangiwa kazi huku Shinyanga, nikakutana na baba yako kwenye foleni ya sukari. Doto aliolewa ana miaka kumi na sita. Ana watoto sita, analima mpunga, mume wake anarina asali porini. Harusini kwangu hakuja. Nilimwalika kwa namna ambayo mtu akialikwa anajua asije.

Nilianza kumtumia kanga. Nikinunua doti naikata, kipande kimoja navaa, kimoja nampa dereva wa lori. Yeye naye akaanza kutuma asali. Umewahi kumsikia baba yako akifoka kwamba madereva ni wezi, kila mwaka dumu linafika nusu? Dereva haibi. Doto hujaza nusu tu kwa sababu nusu nyingine hubaki kwake. Tumegawana namna hiyo miaka yote, bila barua, bila salamu, na mimi sikumwambia baba yako, nikaacha madereva wasio na kosa wasemwe vibaya. Unaona jinsi jambo moja linavyozaa mengine.

Mara moja nilipata nafasi. Bibi yako alipofariki, wewe ulikuwa na miaka sita na homa, tukakuacha kwa jirani. Nilifika msibani nikamkuta Doto jikoni anapika kwenye sufuria kubwa za watu. Ilikuwa miaka kumi na minne sijasimama karibu naye. Njia nzima kwenye lori nilikuwa nimepanga maneno. Nikasimama pale, moshi umejaa machoni, nikafungua mdomo, nikamwuliza chumvi iko wapi. Akanipa. Tukapika. Baadaye tulipokuwa tunasuuza masufuria akaniuliza bila kuniangalia, "Bado unalo?"

Nilijua anauliza nini. Daftari nililifukua chini ya kihenge wiki ile ile aliyoondoka, na limehama nami kila nilikohama.

"Lipi?" nikamwambia.

Akamwaga maji machafu, akaninyang'anya sufuria mkononi, taratibu tu, akaendelea kuosha. Kwa hiyo nimemkana dada yangu mara mbili, Kabula. Ya kwanza nilikuwa mtoto. Ya pili nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na cheti cha ualimu.

Na lipo la kwako. Ulikuwa na miaka mitano. Ulikuwa uani unacheza na vifuniko vya chupa, ukaanza kuviita majina ambayo hayapo duniani. Kubwa ulikiita bumeli, na vidogo ukaviita bumelina, na mimi niliyekuwa naanua nguo nikasikia kwamba mwanangu amepata mzizi na tawi bila kufundishwa na mtu. Nilikuja nikakuchapa kofi la uso. Nikakwambia mtoto mwenye akili hasemi upuuzi. Hukulia. Ulinitazama kama Doto alivyonitazama, kisha ukavikusanya vifuniko vyako ukaviweka kwenye kopo. Tangu siku ile umekuwa mtoto mtulivu, kila mwalimu ananisifu: Kabula ni mtulivu. Kila wakinisifu hivyo naisikia sauti ya lile kofi. Nisamehe, mwanangu. Niliogopa, na hofu yangu haikukuhusu wewe hata kidogo.

Sina nia ya kukwambia usiseme uongo. Utausema. Wagonjwa watakuuliza kama watapona, na utawaambia watapona, na huenda utakuwa umefanya vizuri. Ninachokijua mimi ni kidogo sana. Najua kwamba uongo wangu niliusema kwa maneno sita, na siku ya pili yake ungefutika kwa maneno sita mengine na fimbo mbili za baba. Mwaka uliofuata ungehitaji safari ya baiskeli. Baada ya hapo ukahitaji safari ya lori, na ujasiri, na kueleza kwa nini nilichelewa, na kueleza kwa nini nilichelewa kueleza. Nilisubiri liwe jepesi. Halikuwa jepesi hata mwaka mmoja. Ukikosa huko uendako, na utakosa, maana kazi yako ni ya watu, kimbia ukaseme siku hiyo hiyo, hata nywele hujachana.

Katika Kinyelu hatukuwahi kuwa na neno la kuomba radhi. Tulikuwa na maneno manne ya mbuzi na hakuna hata moja la samahani. Nadhani hatukulihitaji, kwa sababu tulichapwa wote. Ukurasa wa mwisho wa daftari nimejaza mizizi niliyojaribu kuibuni peke yangu kwa miaka hii, baada ya kusahihisha, wakati ninyi mmekwisha lala. Asubuhi naikumbuka yote, lakini haina maana, mzizi wa mtu mmoja si mzizi. Nimeikata yote kwa mstari.

Sasa nikwambie nilichofanya leo. Ulipotoka tu nililitoa daftari, nikalifunga kwenye kipande cha kanga, nikalipachika ndani ya sanduku lako chini ya lile gauni la kijani. Barua hii ilikusudiwa kuishia hivi: mwanangu, mpe mama yako mdogo kifurushi hiki, mwambie dada yako anasema bado analo. Nilikuwa nimekwisha panga hata maneno utakayotumia. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nikakaa kuandika, nikaanza kukueleza habari ya uani na baba na kidole, na nilipofika pale niliposema ni Doto, kalamu ikanigomea.

Nilikuwa nafanya vile vile. Safari hii wewe ndiye ungesimama mbele ya mtu na kosa langu mkononi, na mimi nimebaki huku nyuma na sare yangu. Ungefika umechoka, vumbi mpaka kwenye kope, na kabla hujapewa maji ya kuoga ungeanza kuomba radhi kwa jambo lililotokea hujazaliwa. Nimeinuka nikalitoa daftari sandukuni. Gauni la kijani nimelikunja upya, usinilaumu kwa mikunjo.

Nimekwenda nyumbani kwa mwalimu mkuu sasa hivi, barua hii nikaiacha mezani nusu. Nilimkuta anapalilia mchicha. "Shikamoo, mwalimu. Naomba siku nne." Akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna, naomba kabla hajafariki mtu. Alinitazama kama amesikia harufu ya pombe, kisha akasema niandike barua ya ruhusa. Nitaiandika. Hiyo itakwenda moja kwa moja kwenye madhumuni.

Kwa hiyo kesho usishangae ukiniona nimefunga kanga ya safari na baba yako ameshika vikapu viwili badala ya kimoja. Hii nitakupa tukishapita Tinde, usome nikiwa pembeni yako nikitazama nje. Usinishike mkono wala usiniulize kitu mpaka Kahama. Na tukifika Masumbwe, mlango utabisha wewe, kwa sababu wewe ndiye mgeni anayengojewa. Halafu usogee pembeni. Sijui atafanya nini. Anaweza kunipokea, anaweza kuniuliza chumvi iko wapi, anaweza kufunga mlango na akawa na haki yake yote. Wewe atakupokea, hilo sina shaka nalo.

Daftari liko kwenye mkoba wangu. Sasa hivi nimetoka uani nikaokota na jiwe, dogo, la rangi ya maziwa, nikalifunga kwenye pindo la kanga. Nimeokota moja tu. La pili si langu kuliokota.

Mama yako,
Kulwa